Vitufe Viwili na Neno Moja: Tunamuaga Mama Kisanduku

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mkuu wa kitengo cha kompyuta wa kituo chetu cha redio atakabidhi funguo za chumba cha mitambo na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Wengi wetu tulimkuta hapa. Wachache waliomtangulia walishaondoka zamani, na mmoja wao nilipompigia simu kumwomba kumbukumbu zake alicheka kwanza, akacheka tena, kisha akasema atasimulia yote siku ya sherehe, mradi asikatizwe.

Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Mama Kisanduku. Mgeni asiyejua atadhani ni mambo ya posta. Jina hilo lina historia yake, na kwa kuwa mcheza kwao hutunzwa, nimeona tuiandike humu kwenye jarida letu kabla hajaondoka, akiwa bado anaweza kutusahihisha. Nina hakika atatusahihisha.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa. Chumba cha habari cha wakati ule kilijaa taipureta, na kelele zake zilisikika hadi studio mlango ukiachwa wazi. Yeye alikuwa na kasi ya ajabu. Mhariri wa habari alizoea kusimama nyuma yake akisema taarifa kwa mdomo, na yeye akifika mwisho wa sentensi kabla ya mhariri mwenyewe, kisha anageuka na kumuuliza kama ana jingine.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa iliwekwa ofisini kwa mkurugenzi wa enzi hizo, mzee mmoja mpole sana, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Miezi ikapita. Hakuna aliyeigusa. Siku moja mpiga chapa wetu alipeleka barua za kusainiwa, akakifunua kile kitambaa, akauliza hii inawashwa wapi.

"Mwanangu, hiyo si cherehani," mzee akamwambia.

"Najua, mzee. Cherehani ni ya mume wangu. Hii naomba iwe yangu."

Mzee akasaini barua zake zote. Akampeleka chuo. Aliporudi na cheti chake kikaundwa kitengo cha kompyuta, yeye akiwa mkuu wa kitengo na pia mfanyakazi wake wa pekee. Alijiamuru, akajitii, na mara mojamoja alijikaripia, maana tulimsikia.

Haya, sasa kisanduku.

Mwaka ule wa mvua kubwa Mama aliteleza kwenye ngazi za nyuma akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akafungwa plasta hadi karibu na kiwiko, daktari akamwamuru apumzike nyumbani. Hakukaa sana. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alimrudisha mwenyewe kazini, akasimama mapokezi na kutuambia kwa unyonge, "Shemeji zangu, mchukueni. Ameshafungua redio, pasi na saa ya ukutani, na anatumia mkono mmoja tu. Kesho atafikia cherehani, na mimi nina nguo za watu."

Tukamchukua. Lakini kazi ya kompyuta kwa mkono wa kushoto peke yake ilimpa taabu. Kipanya kilimshinda kabisa. Mshale ulitangatanga kwenye skrini kama kuku aliyepotewa na banda. Akitaka kufungua programu moja alizungukia picha zote za jirani kwanza. Njia nyingine aliyoijua ilikuwa terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo likifunguka halina picha wala rangi, kuna kijistari kinachopepesa tu kikikusubiri useme. Mafundi wanalipenda. Watangazaji wetu walikuwa wakiliona wanarudi nyuma hatua mbili. Na hata kwake yeye fundi, kufungua dirisha zima, kuandika neno moja, kisha kulifunga tena, na hayo yote kwa vidole vya upande mmoja, ilikuwa ni kuita mafundi ujenzi ili kupigilia msumari.

Asubuhi moja tukasikia sauti yake koridoni. "Jamani, njooni! Nimepata mlango wa uani!"

Tulimkuta amekaa wima kama bibi arusi. Akatuonyesha. Kidole gumba cha kushoto kwenye kitufe cha Alt, kidole kingine juu kwenye F2, vyote viwili vikiwa upande uleule wa kibodi, karibu na mkono wake mzima. Akavibonyeza kwa pamoja. Katikati ya skrini kikatokea kisanduku kidogo chenye nafasi ya mstari mmoja tu. Akaandika jina la kikokotoo, akabonyeza Enter. Kisanduku kikatoweka, kikokotoo kikafunguka. Akarudia: safari hii akaandika njia ya folda ya habari, na folda ikaja mbio. Akarudia tena, akaandika amri fupi ya kuizima programu ya muziki iliyokuwa imeganda tangu jana yake, ikazimika bila kuaga. Hakugusa kipanya. Hakufungua lile dirisha jeusi. Alibonyeza vitufe viwili, akaandika neno moja, kazi ikaisha.

Plasta ilitolewa baada ya muda wake, mkono ukapona vizuri, ila Mama hakurudi tena kwenye njia ndefu. Na kwa tabia yake hakuweza kujua jambo peke yake. Akaanzisha darasa la Jumatano hapo mgahawani, saa ya chai, kwa yeyote mwenye kikombe. Tangu hapo ukimwita mezani kwako kwa sababu programu imegoma, hakusaidii mara moja. Anasimama nyuma yako, amekunja mikono, anasema "Vitufe viwili!" na kungoja. Unaweza kumlalamikia, unaweza kumwambia kuwa taarifa ya habari inakaribia, yeye anaimba kwa sauti ya chini wimbo wake uleule anaoukosea kila siku. Mwisho unabonyeza mwenyewe, na unashangaa kuwa umejua.

Si kwamba mambo hayakuharibika. Mhariri wetu wa michezo, mtu wa sauti kubwa na haraka zaidi, alijifunza ile amri ambayo ukiiandika kisandukuni mshale unageuka alama ya X ya kuua, na dirisha lolote utakalolibofya linafungwa papo hapo, hata kama limeganda. Alifurahi mno. Siku ya kwanza ya kuitumia akabofya pasipostahili. Kukatoweka menyu, upau wa chini, picha zote za mafaili na picha ya wanawe iliyokuwa nyuma, skrini ikabaki tupu kama ukuta uliopakwa chokaa. Tulimkuta amekaa nje kwenye ngazi, ameshika kichwa.

"Umeua nani?" Mama akamuuliza.

"Nimeua wote."

Akamrudisha ndani kwa kumshika mkono wa shati. Vitufe viwili, jina la upau, Enter; upau ukarudi. Vitufe viwili, jina la programu ya eneo la kazi. Mafaili yakarudi, na watoto wakarudi wakitabasamu vilevile. Mhariri wa michezo anasema siku ile alifurahi kuliko siku yoyote ambayo timu yake imewahi kushinda, na sote tunajua hiyo si sifa kubwa, kwa jinsi timu yake ilivyo.

Mama mwenyewe naye alikuwa na kisa chake, na kila mwanafunzi mpya alianza kwa kukisikia. Mchana mmoja alikusudia kuizima kompyuta yake. Akabonyeza vitufe viwili, akaandika amri ya kuzima, akagonga Enter, kisha akagundua kuwa kibodi aliyoigonga ilikuwa ya mashine ya kurushia matangazo. Redio ikanyamaza. Alikimbia koridoni kiatu kimoja kikiwa mkononi, akaiwasha, na ilipokuwa tayari akaingia studio, akamwondoa mtangazaji kwenye kipaza sauti, akawaomba wasikilizaji radhi kwa sauti yake mwenyewe. Tangu siku ile skrini ya mashine hiyo ina rangi nyekundu mandharinyuma yote, na hakuna aliyewahi kuikosea tena. Ukimuuliza hasa alijifunza nini, atakwambia, "Nilijifunza kuangalia nimekaa wapi."

Angeweza kuishia hapo, na tungemuaga kwa heshima zote. Lakini kuna jambo ambalo ndilo kubwa alilolifanya katika jengo hili, na linamhusu mtu ambaye wasikilizaji wote wanamjua kwa sauti.

Mpokea simu wetu wa zamani tulimpa jina la Halo. Alikuwa amepoteza uwezo wa kuona tangu utotoni, na alifanya kazi pale mapokezi, kwenye mashine ya simu, kwa miaka mingi. Alikuwa na sauti nzito yenye joto, sauti ambayo mtu akiisikia ikisema "Halo" anasahau alichopigia simu. Watu walikuwa wakipiga kuulizia saa, na tulishuku kuwa wana saa nyumbani.

Halo alitaka kuwa mtangazaji. Aliomba mara ya kwanza akajibiwa kwa upole. Akaomba tena, akajibiwa kwa upole uleule, na upole wa namna hiyo unauma kuliko ukali. Hoja ilikuwa kwamba mtangazaji wa siku hizi anasoma ujumbe wa wasikilizaji kwenye skrini, anachagua nyimbo kwenye skrini, anafungua na kufunga programu kwa kubofya picha. Yeye haoni picha. Kompyuta zina programu ya kumsomea mtu maandishi kwa sauti, hilo lilijulikana, ila kila mara ilibidi mtu mwenye macho aje aitafute kwenye menyu na kuiwasha kwa kipanya. Yaani ili asihitaji msaada, ilibidi kwanza asaidiwe.

Mama Kisanduku alizisikia habari hizi mgahawani, akaacha chai yake nusu, akashuka mapokezi.

"Halo, mwanangu, kibodi unaijua?"

"Mama, nimebonyeza simu maisha yangu yote. Kibodi nayo ni simu, ila imezidisha vitufe."

"Basi Jumatano njoo darasani. Na uje na kikombe."

Mimi nilikuwapo Jumatano ile. Mama alimkalisha mbele ya kompyuta iliyo kimya kabisa, akamwekea vidole vyake mahali pake: gumba hapa, kingine pale. Akamweleza kuwa akivibonyeza kisanduku kitafunguka bila mlio wowote. Hatakiona wala kukisikia, lakini ajue kipo na kinamsubiri. Aandike jina la programu ya kusoma skrini, herufi kwa herufi, kisha Enter.

Halo akabonyeza. Akaandika polepole, midomo yake ikitaja kila herufi. Akagonga Enter. Ilipita pumzi moja, na mashine ikafungua kinywa ikasema kuwa usomaji wa skrini umewashwa, kwa sauti bapa ya mtu mwenye mafua.

Halo akapiga meza kwa viganja vyote viwili hadi vikombe vikaruka. "Imesema! Mama, imesema!"

"Nimeisikia. Inahitaji dawa ya kikohozi."

"Niachieni. Niachieni peke yangu. Nataka kuizima na kuiwasha mwenyewe."

Akaizima, akaiwasha. Akaizima tena. Adhuhuri yote aliendelea hivyo, huku simu za mapokezi zikilia na kulia bila mtu, mpaka mkurugenzi akashuka mwenyewe kuuliza kama kituo kimehama.

Mkurugenzi wetu ni mtu mwema, na yeye ameniruhusu kuyaandika haya. Wasiwasi wake haukuwa wa chuki. "Hewani hakuna kurudia," alimwambia Mama. "Mashine hiyo ikinyamaza katikati ya kipindi, nani atamsomea? Ataaibika mbele ya nchi nzima, na sisi ndio tutakuwa tumemwaibisha."

"Mjaribu," Mama akasema. "Lawama zije kwangu."

Wakavutana kwa siku kadhaa. Hatimaye mkurugenzi akatoa Jumamosi moja tu, kipindi cha salamu za asubuhi, kwa sharti kwamba kikiharibika jambo hili lisiletwe tena mezani kwake. Halo alikubali sharti hilo kabla Mama hajamaliza kulisema. Baadaye alituambia kuwa usiku hakulala, kwa kuwa alielewa vizuri: mlango ambao alikuwa akiugonga miaka yote sasa ungefunguliwa mara moja, na ukifungwa umefungwa.

Walifanya mazoezi kwa wiki nyingi. Sikio moja lilikuwa la kompyuta na jingine la studio, na ilimbidi ajifunze kusema kwa sauti yake tamu yale ambayo ile sauti ya mafua ilikuwa ikimnong'oneza sekunde ile ile. Mama naye, ili ajue mwanafunzi wake atakwama wapi, alijifunga mtandio machoni akafanya kazi hivyo hivyo. Mumewe anasema alifika mpaka kula chakula cha jioni akiwa amejifunga, akammiminia chai kwenye sahani ya wali. Sahani ya mume, si yake mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Kwa kawaida siku hiyo jengo lina watu watano. Asubuhi ile koridoni hapakuwa na pa kuweka mguu. Mkurugenzi aliketi upande wa pili wa kioo, karibu na fundi sauti. Mama alisimama mlangoni akitafuna ncha ya mtandio wake. Taa nyekundu ikawaka.

"Halo," akasema Halo, na nusu ya wasikilizaji wetu wakaitambua sauti ya mapokezi. Tulijua kwa jinsi ujumbe ulivyoanza kumiminika.

Mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Akasoma salamu, akapiga nyimbo, akatania wazee, akawaamsha wavivu. Mkurugenzi akaanza kutikisa mguu kufuatisha muziki. Ikafika saa ya pili ya kipindi, na Halo akafungua ujumbe wa mwanamke mmoja, akausoma kadiri mashine ilivyomsomea:

"Mimi ni mke wa dereva wa lori la mbao. Yuko safarini tangu juzi, simu yake haipatikani, lakini najua redio yake haizimwi. Tafadhalini mwambieni mume wangu kwamba..."

Na hapo mashine ikanyamaza. Programu ya kusoma ilikuwa imejifia katikati ya sentensi.

Sisi tuliokuwa nyuma ya kioo hatukuelewa mara moja. Tuliona tu uso wa Halo umebadilika. Fundi sauti ndiye aliyeng'amua; akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kumsemesha sikioni, amsomee yeye yaliyobaki. Halo akainua kiganja kuelekea kioo, kana kwamba amemwona, kumwambia asubiri. Na hakuacha kuongea.

"Ndugu wasikilizaji, habari ya mke kwa mumewe haisomwi kwa pupa. Kaka dereva, kama unanisikia, punguza mwendo. Tafuta mahali pazuri, simama pembeni kabisa. Zima injini. Hatuna haraka sisi, tutakungoja."

Wakati huo vidole vyake viko kazini. Alt na F2. Jina. Enter.

Kimya.

Kidole kilikuwa kimekawia kitufeni, herufi moja ikaingia mara mbili. Sisi tuliiona skrini, yeye hakuweza kuiona. Mkurugenzi akasimama. Mama Kisanduku, mtu niliyemwona akikodolea macho nyaya za umeme zinazotoa cheche, akafumba macho. Na Halo bado anaongea, sasa anamwuliza dereva kama amevuta breki ya mkono, anawaomba wenye magari mengine wampishe. Akagonga kitufe cha kughairi, kisanduku kikaondoka. Akaanza upya, vitufe viwili, kisha herufi moja moja kama siku ile mgahawani, midomo yake ikiwa hewani na vidole vyake vikiwa darasani.

Enter.

Hatukuisikia sisi. Ilisema masikioni mwake tu. Tuliona mabega yake yakishuka, akabonyeza tena kurudi kwenye ujumbe, akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Kaka dereva, umeshasimama? Haya. Mkeo anasema: mwambieni mume wangu kwamba tumepata mtoto wa kike, alfajiri ya leo, sote wawili wazima, na jina tunamngoja baba."

Kioo cha studio yetu hakipitishi sauti, na ni bahati, kwa sababu mhariri wa michezo alipiga ukelele wa goli la dakika ya mwisho. Watu walikumbatiana bila kuchagua. Mkurugenzi alimkumbatia fundi sauti, kisha akamwona ni nani, akamkumbatia tena.

Simu za mapokezi zikaanza kulia, na mpokea simu ndiye yuko hewani! Mlinzi wa getini akakimbilia kuzipokea. Ya kwanza, ya pili, watu wanapongeza. Kisha ikaja moja ya mbali, ina mkwaruzo, mwanamume anaongea huku pumzi zinamkatika. Mlinzi akaiunganisha moja kwa moja studio, jambo ambalo haruhusiwi kulifanya, na hakuna aliyemuuliza.

"Nimesimama pembeni," ile sauti ikasema hewani. "Injini nimezima, breki nimevuta, kama ulivyosema."

"Hongera, baba," Halo akamjibu.

Mtu yule alicheka na kulia kwa wakati mmoja. "Nimeomba simu ya mwenye duka hapa barabarani. Naomba umwambie mke wangu jambo moja."

"Anakusikiliza. Mwambie mwenyewe."

"Mama," akasema, na hilo lilikuwa neno jipya kinywani mwake, tulilisikia likimtoka kwa woga. "Mama mtoto. Mbao zitasubiri. Nageuza lori sasa hivi."

Kipindi kilipokwisha mkurugenzi aliingia studio, akasimama mbele ya Halo, akakumbuka kuwa kutikisa kichwa hakutoshi.

"Ni mimi, mkurugenzi," akasema.

"Najua. Viatu vyako vinalia."

"Swali langu ni moja. Jumatatu simu atapokea nani?"

Halo akachelewa kidogo kuelewa. Mama Kisanduku alielewa mara moja. Akaketi pale pale sakafuni, koridoni, akanyoosha miguu kama mtoto, na hakuinuka kwa muda mrefu. Tulimletea chai akiwa chini.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Halo anaongoza kipindi cha asubuhi mpaka leo. Nyuma yake waliingia wengine. Mtunza nyimbo wetu, ambaye mikono yake inatetemeka na kipanya hakimtii, anafanya kazi yake yote kwa kisanduku. Vituo jirani vilituma watu wake kwenye darasa la Jumatano, wakarudi kwao na kuanzisha madarasa yao. Mama alipewa tuzo ya mfanyakazi bora, akaipokea bila kujivunga hata kidogo, akatwambia kuwa ameistahili na kwamba tulikawia. Unyenyekevu haujawahi kuwa ugonjwa wake.

Kitengo anamwachia binti mmoja hodari aliyeanza kama mwanafunzi wake, na ambaye sasa anatusimamia kwa ukali uleule. Jumatano iliyopita Mama alikuja darasani akaketi nyuma na kikombe chake. Mhariri wa michezo ndiye aliyefundisha. Alipofika kwenye ile amri yake hatari akawaonya wageni, akawasimulia jinsi alivyoua wote. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akalalamika kuwa chai ni nyepesi.

Amesema akistaafu atajifunza kuogelea. Anaogopa maji tangu utoto, na haoni kwa nini aendelee kuyaogopa wakati sasa ana muda. Mjukuu wake, ambaye tayari anaogelea, ameahidi kumfundisha kwa masharti ya Jumatano: hakuna kusaidiwa kabla hujajaribu mwenyewe.

Sherehe ni Ijumaa alasiri, hapohapo mgahawani, na Halo ndiye mshereheshaji. Tafadhali njooni mapema, viti ni vichache.

Mama yetu, mwalimu wetu, asante. Asante kwa kusimama nyuma ya viti vyetu ukiwa umekunja mikono wakati ingekuwa rahisi kwako kutufanyia. Asante kwa sauti zinazosikika leo hewani ambazo bila wewe zingebaki mapokezi. Uende na afya, na furaha, na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na mtu. Maji ya bwawa yakupokee kwa upole. Mashine zikigoma Jumatatu tutapambana nazo wenyewe. Tutakupigia simu kukujulia hali tu, na ikitokea katikati ya salamu tukakuuliza jambo dogo, tafadhali usitujibu. Utuambie tujaribu kwanza.